Dufu Sita za Bulyaga

Mwaka 1967 nilikuwa na miaka tisa, na mwaka huo ndio shida iliingia nyumbani kwetu Masoko ikakaa kama mgeni asiyeulizia njia ya kurudi kwao. Baba alikwenda Zambia kwenye migodi ya shaba, akasema atarudi kabla kahawa haijaiva. Kahawa iliiva, ikachumwa, ikaiva tena. Mama akabaki na watoto watano na migomba. Mimi nilikuwa darasa la pili. Mwalimu alinirudisha nyumbani kwa sababu ya ada, na sijarudi mpaka leo. Kwa hiyo anayesoma hapa akikuta herufi imedondoka, aiokote mwenyewe aendelee.

Naandika kwa ajili yenu mnaochonga na kuwamba ngoma sasa hapa Tukuyu. Mtu aliyejiajiri hastaafishwi kwa barua. Mimi nimestaafishwa na bega la kulia. Mwezi wa tatu mwaka huu niliinua tezo, bega likagoma, nikashusha. Nikajaribu tena kesho yake, likagoma tena. Basi. Sikufanyiwa sherehe, na mimi nimetengeneza vyombo vya sherehe za watu wengine miaka zaidi ya hamsini.

Aliyenifundisha ni Mzee Ambakisye wa Lufingo. Mama alinipeleka kwake nikiwa na miaka kumi na mmoja, akamwambia, "Huyu anakula sana, labda anaweza na kazi." Siku ya kwanza hakunipa tezo. Alinipa ngozi ya ng'ombe iliyolowekwa siku nne na kipande cha bati nikwangue manyoya. Niliporudi nyumbani mama alinikuta mlangoni, akanusa, akasema nilale na mbuzi. Nililala na mbuzi. Nao walihama upande wa pili.

Ambakisye alikuwa na maneno machache na yote yalikuwa ya kazi. Mti wa ngoma ni mringaringa, na haukatwi wakati unanyonya maji. Ngozi ya ng'ombe ni ya ngoma kubwa za kiume, zile za ing'oma, ambazo wanaume wa kwetu hucheza wamejipanga mistari huku vumbi au matope yakiruka, kutegemea mwezi. Ngozi ya mbuzi ni ya ngoma ndogo zinazosema haraka. Halafu kuna kuvuta. Waswahili wana methali kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ambakisye aliichukia methali hiyo. Alisema aliyeitunga hajawahi kuwamba hata kifuniko cha chungu. Ukiivutia ngozi kwako tu, upande wako unakaza, upande wa mwenzako unalegea, na ngoma inalia kama mtu mwenye jino bovu. Unapiga kigingi hapa, unazunguka, unapiga cha pili mkabala wake. Hapa, na mkabala. Mpaka duara liishe.

Lakini siri yake kubwa ilikuwa mafuta. Tukuyu mvua haiji, mvua inaishi hapa. Jua ndilo linalokuja kutembea. Ngoma iliyowambwa mahali pakavu ukiileta kwetu inalegea kwa siku mbili, unaipiga inasema "pwa" kama kofi kwenye godoro. Ambakisye aliyeyusha mafuta ya nguruwe, akachanganya na nta ya nyuki na masizi kidogo, akapaka ngozi ikiwa vuguvugu, mbele na nyuma, na zaidi pembeni kwenye vigingi. Maji yalikuwa yanateleza. Ngoma zake zililia kwenye mvua wakati za mafundi wengine zimelala. Aliniambia, "Gwe kijana, hii usimwambie mtu." Sikumwambia mtu. Leo naiandika kwa sababu haina kazi tena, na mtaona kwa nini.

Nilipokuwa kijana tulikuwa tunavuka mto Songwe kwenda Malawi, kwa Wangonde, na wao wanakuja kwetu. Lugha yao na yetu ni ndugu, mnasikilizana bila mkalimani, mkitaka. Wao na watu wetu wa bondeni wana lipenenga, ngoma ya kujipanga kama askari, kaptura nyeupe, filimbi, na vibuyu vya kupulizia vilivyozibwa tundu kwa utando wa buibui ili sauti itetemeke. Safari moja pale mpakani askari aligonga ngoma yetu kubwa, akauliza ndani kuna nini. Ambakisye akajibu, "Hewa ya Tanzania, tata. Tutairudisha." Askari akacheka, akatupitisha.

Safari hiyo ngoma kubwa ya wenyeji wetu ilipasuka katikati ya mchezo. Watu wao wakasimama na aibu. Ambakisye akaibeba ya kwetu mwenyewe, akaiweka mbele yao, akarudi kukaa. Wakacheza kwa ngoma yetu mpaka mwisho. Tangu siku hiyo kijiji kile hakikutuita wageni tena, walituita wenye ngoma. Nilijifunza jambo pale, ila nililijifunza nusu. Nusu ya pili ilinichukua miaka mingi, na aibu.

Ambakisye alipokufa nilifungua karakana yangu mwenyewe kando ya barabara. Sitawachosha kwa habari za jinsi ilivyokua. Ilikua. Walikuja watu wa kwaya, walimu wa shule, Wandali, Wasafwa kutoka juu, Wakinga kutoka ng'ambo ya milima. Nikagundua kwamba kila kabila linadhani ngoma yake ndiyo ngoma, na ya jirani ni kelele. Mimi niliwawambia wote ngoma zao, na kila mmoja nilimwambia yake ndiyo ngumu zaidi kutengeneza. Walilipa vizuri kwa kusikia hivyo.

Miaka kumi na kitu iliyopita akaja Maalim Idrisa wa mtaa wa Bulyaga, hapa mjini. Namjua siku nyingi. Ana duka la vifaa vya ujenzi, na misumari yangu midogo ya kuwambia nanunua kwake. Jioni anafundisha watoto madrasa.

"Fundi," akasema, "dufu zetu zinalala. Mwaka jana tumesoma kaswida kwa kupiga makofi kama watoto wa chekechea."

"Zimewambwa wapi?"

"Tanga."

"Tanga kuna jua. Hapa kuna nini?"

"Matope," akasema Maalim, "na ninyi."

Nikacheka. Akaleta fremu sita. Mwaka ule mwezi ulikuwa umeileta Maulidi siku chache tu kabla ya Krismasi. Niwaeleze desturi ya wakati ule, maana vijana wengine wanadhani ilianza na simu. Siku ya Maulidi, Waislamu wa Bulyaga hutembea na dufu mpaka madrasa. Wachezaji wa ing'oma wa Masoko, ambao wote ni watu wa kanisani, husimama kando ya njia na ngoma zao kubwa, kimya. Hawapigi. Wanaipisha dufu. Ikishapita, ngoma kubwa zinajibu mapigo matatu, basi, watu wanaendelea na safari. Na siku ya pili ya Krismasi, vijana wa Bulyaga wanakuja uwanjani na dufu zao, na ing'oma inaanza kwa kuwapisha wao. Nani alianzisha, sijui. Nilikuta.

Nikawamba dufu sita. Zilitoka nzuri. Maalim aligonga moja kwa kidole, ikalia mpaka mke wangu akatoka jikoni kuangalia nani ameleta kengele. Mvua ilikuwa inanyesha wakati huo huo. Maalim akaondoka anatabasamu peke yake.

Siku nne kabla ya Maulidi tulichinja nguruwe wa Krismasi. Mke wangu, Mama Lugano, alikuwa anayeyusha mafuta kwenye sufuria kubwa.

"Baba Lugano, leta kopo lako la ngoma nilijaze."

Nikamletea. Akachungulia ndani. "Limeisha lini? Lilikuwa nusu."

"Nimepaka dufu."

"Dufu zipi?"

"Za Maalim."

Akaacha kukoroga. Mafuta yakaanza kuungua na hakuyaona.

"Gwe mwanaume. Umewapaka Waislamu nguruwe kwa ajili ya siku ya Mtume wao?"

Niwaambie ukweli. Sikuwa nimefikiri. Mkono ulizoea. Umemaliza kuwamba, mkono unakwenda kwenye kopo, kama mnavyofunga mlango mkitoka. Watu wazima wamezishika dufu zile kifuani, kwenye kanzu nyeupe. Watoto wa madrasa wamezifanyia mazoezi, halafu wakaenda kula kwa mikono hiyo hiyo.

"Hakuna atakayejua," nikasema. "Nta na masizi vimeua harufu yote."

"Wewe unajua," akasema. "Na mimi. Utakwenda mwenyewe au niende mimi?"

Nilikaa nje kidogo. Najivuna, nakubali, na sikuwa na kitu kingine cha kujivunia isipokuwa jina langu. Nikisema, jina linakwenda. Na si jina tu. Kupishana kule kwa ngoma kulikuwa kumeshikwa na uzi, na uzi huo ni kwamba hakuna aliyewahi kumchezea mwenzake. Nikinyamaza, uzi unabaki. Lakini ni mimi peke yangu ambaye ningejua kuwa umekatika.

Nikaenda Bulyaga. Maalim alikuwa anapima misumari. Nikasubiri mteja aondoke, nikasema lote kwa mara moja, maana ningelikata vipande lingenishinda.

Akaweka misumari chini.

"Nani mwingine anajua?"

"Mke wangu."

"Na nguruwe," akasema Maalim. Hakucheka, wala mimi. Kisha akauliza, "Ungenyamaza, nani angekuuliza?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Maalim, ningesimama pale njiani mnapita, nisingesikia dufu. Ningesikia nguruwe."

Akanitazama. "Twende kwa wazee. Mimi pia siwezi kulala na hili."

Wazee walikaa barazani kwake jioni hiyo. Aliyesema ni Mzee Salumu, mkubwa wao kwa umri, ambaye hutembea na fimbo ingawa miguu yake ni mizima kuliko yangu.

"Alikosea kwa mkono, hakukusudia," Maalim akamwambia.

"Anayekosea kwa mkono na anayekosea kwa moyo, nguo inachafuka vile vile," akasema Salumu. "Hawa wanakula kitimoto chao, sawa, tumbo lao. Mpaka watupake? Mwaka huu kila mtu acheze kwao. Na wale wa Masoko na mangoma yao wasisimame kwenye njia yetu."

Nilisikia vibaya kuliko kupigwa. Maalim akanigeukia mbele yao wote.

"Fundi, zimebaki siku tatu na mvua hii. Ukianza upya utaweza?"

"Nitaweza," nikasema. Sikujua kama nitaweza.

Kesho yake asubuhi nilibandua ngozi zote sita tukazifukia. Fremu zikaoshwa kwa sheria yao: mara saba kila moja, na mara moja katika hizo kwa udongo. Mimi ndiye niliyeosha, wakiangalia. Mzee Salumu alihesabu kwa sauti. Nilipofika ya saba kwenye fremu ya kwanza akasema, "Ya tano hukusugua ukingo. Rudia." Nikarudia. Fremu sita. Vidole vilinyauka vikawa kama vya maiti wa maji. Sikumjibu hata neno, na wanaonijua wanajua hilo lilinigharimu nini.

Ngozi tulipata. Maalim alichinja mwenyewe mbuzi watatu wa pilau ya Maulidi mapema, nikagawa kila ngozi dufu mbili, nikaziwamba. Shida ikawa kukausha. Ngozi mbichi ya mbuzi kwenye mvua ya Desemba hapa kwetu inaoza kabla haijakauka. Nikafikiri dari ya jikoni, lakini dari ya jikoni kwangu ilikuwa imejaa nini? Nyama ya yule yule nguruwe. Nikaishia kwa jirani wa Ambakisye kule Lufingo, mchoma matofali, mzee wa kanisa. Alikuwa na tanuru lililozimwa juzi yake, bado lina joto, matofali ya kujengea nyumba ya mchungaji.

Nikamweleza yote, na aibu yake yote.

"Weka," akasema. "Joto lenyewe linapotea bure. Ila ukinivunjia tofali la mchungaji, nitakupaka wewe hayo mafuta."

Dufu za Maulidi zikakaukia kwenye matofali ya kanisa, chini ya kibanda cha bati, siku moja na nusu. Nilikaa pale nazigeuza kama mtu anayechoma mahindi.

Zikakauka. Sasa zipakwe nini? Bila mafuta, mvua ya siku ya Maulidi ingezilaza kabla hazijafika kona ya kwanza, na Salumu angekuwa na neno la maisha. Nilizirudisha kwa Maalim nikasema wazi kwamba hapa ndipo ujuzi wangu umeishia. Mke wake, Bi Zuhura, alikuwa anasikiliza akiwa mlangoni. Akaingia ndani, akatoka na chupa.

"Mafuta ya parachichi. Nakamua mwenyewe. Napaka nywele, na mvua ya Tukuyu haijawahi kuzigusa."

"Bi Zuhura, nywele si ngozi."

"Na wewe si Mungu. Jaribu."

Nikachanganya na nta, vuguvugu, nikapaka dufu moja, nikadondoshea tone la maji. Tone likabingirika likaanguka, kama kwenye jani la gimbi. Nikadondosha jingine. Likaanguka. Nikaigonga, ikalia, tena kwa sauti safi kuliko ile ya mafuta ya Ambakisye. Miaka yote hiyo parachichi zinaoza chini ya miti yangu na mimi napika nguruwe. Mzee wangu anisamehe huko aliko.

Kabla ya siku yenyewe nilikwenda Masoko kuwapa wachezaji ujumbe wa Salumu, kwamba wasije. Kiongozi wao alikuwa anaosha miguu. Hakuinua hata kichwa.

"Sisi hatuendi kucheza kwao. Tunakwenda kupisha. Kupisha nako kunaombewa ruhusa?"

Asubuhi ya Maulidi kulikuwa na ukungu na manyunyu. Watu wa Masoko walisimama kando ya njia, ngoma zao zimeegemezwa tumboni, mikono imekunjwa juu yake. Nami nikasimama nao, maana hapakuwa na mahali pengine pa kusimama. Tukazisikia dufu kabla hatujaziona. Zilikuwa zinalia. Kwenye mvua, zote sita, zinalia kama zimetoka Tanga leo asubuhi.

Mzee Salumu alikuwa mbele na fimbo yake. Alipotuona akasimama. Nyuma yake wote wakasimama, kaswida ikakatika katikati ya neno. Nikasikia manyunyu kwenye mwavuli wa mtu. Akanitazama. Akachukua dufu kutoka kwa kijana aliyekuwa karibu, akaipitisha kidole gumba, akaisogeza puani, akanusa mbele ya watu wote.

"Inanuka nini hii?"

"Parachichi, mzee."

"Parachichi," akasema. Akairudisha. Akatembea hatua mbili, akageuka kwa watu wa Masoko. "Haya, tunapita. Na tukishapita msije mkatusahau. Jibuni."

Dufu zikapita, mpaka mtoto wa mwisho aliyekuwa amebeba viatu vyake mkononi. Kisha ngoma kubwa zikajibu. Moja. Mbili. Tatu. Niliitazama migomba ya upande wa pili wa barabara, maana macho yangu yalikuwa na kazi nyingine.

Siku ya pili ya Krismasi walikuja uwanjani wote, na Salumu alikuja na kiti chake. Alizitazama ngoma za Masoko kwa karibu, mikono nyuma, akaniuliza, "Na hizi umepaka nini?" Nikamwambia ni yale yale ya nguruwe. Akatikisa kichwa. "Ndiyo maana tunazipita kwa mbali," akasema, na safari hii alicheka.

Mimi sikucheka. Hapo ndipo nusu ya pili ya somo la Ambakisye ilinifikia. Aliwaazima Wangonde ngoma yetu na ikatufanya ndugu. Na mimi miaka yote nilikuwa natengeneza ngoma ambazo jirani wa Bulyaga asingeweza hata kuziazima. Mwaka uliofuata nilizibandua ngoma za Masoko moja baada ya nyingine, nikaziosha, Salumu akaja kuhesabu bila kualikwa, nikaziwamba upya kwa mafuta ya Bi Zuhura. Zikafuata za kwaya, za shule, za Wandali. Wenye lipenenga kutoka Malawi walipokuja, dufu iliazimwa, ing'oma iliazimwa, na hakuna aliyeuliza imepakwa nini. Ngoma ya sherehe ni ile ambayo mgeni yeyote anaweza kuishika. Nyingine ni fanicha.

Basi ninyi mnaochonga: vuteni mkabala, msiogope kurudia ya tano, na mkikosea semeni wenyewe kabla hamjaulizwa. Nilichonacho leo ni hiki. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, bati. Migomba ya mama yangu kule Masoko. Miparachichi kumi na mmoja. Ng'ombe wa maziwa mmoja na ndama wake. Nguruwe wawili, wa kula. Tezo mbili, moja ya Ambakisye. Mke yule yule. Bega moja zima. Dufu moja niliyopewa na Maalim, ambayo siwezi kuipiga. Na kopo la mafuta ya ngoma, moja tu, la watu wote.